Leseni ya kompyuta yagoma, kumbe ni draiva ya mtandao

MTU hununua vipuri vya kompyuta kimoja kimoja katika maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam au ya Barabara ya Luthuli jijini Nairobi, akampelekea fundi aviunganishe, kisha akatoa fedha nyingine kununua leseni halali ya Windows. Mashine inawaka vizuri. Siku chache baadaye, kwenye kona ya chini ya kioo yanatokea maandishi ya kijivu yanayomtaka aiidhinishe programu hiyo, kana kwamba hajalipa hata senti moja.

Hapo ndipo fedha zinapopotea. Wapo wanaorudi dukani kulalamika kuwa wameuziwa leseni bandia, wapo wanaonunua nyingine, na wapo wanaomruhusu fundi kubadilisha bodi kuu ya kompyuta, ile ambayo mafundi huiita mazabodi. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo ghali kuliko zote, kwa kuwa inaweza kuiua leseni ambayo hadi dakika ile ilikuwa nzima.

Katika mazingira ya aina hii, kitu cha kwanza cha kutazamwa ni kidogo sana na hakiuzwi: draiva ya kadi ya mtandao.

Kadi ya mtandao ni kifaa kinachoiwezesha kompyuta kuwasiliana na nyingine, iwe kwa waya au bila waya. Katika bodi za kisasa kadi ya waya si kipande cha kuchomeka tena, bali ni chipu iliyobandikwa kwenye bodi yenyewe. Draiva nayo ni programu ndogo inayouelekeza mfumo wa uendeshaji namna ya kukitumia kifaa hicho. Bila draiva inayolingana nayo, chipu hukaa bure, hata kama waya umechomekwa na taa ya tundu lake inamulika.

Uhusiano wa kadi hiyo na leseni ni wa namna mbili, na kutozitenganisha ndiko kunakowapoteza watumiaji pamoja na baadhi ya mafundi. Kwanza, kadi ni njia: ndiyo inayopeleka ombi la idhini kwenye seva za kampuni iliyotengeneza programu na kurudisha jibu. Pili, kadi ni kitambulisho: zipo programu zinazoitambua kompyuta kwa kusoma namba ya kadi yake, na namba hiyo ikibadilika au isipoonekana, programu huamua kwamba imehamishiwa kwenye mashine ya mtu mwingine.

Kiwandani na kwa fundi

Kompyuta zinazofika zikiwa kamili kutoka kiwandani, kama za Dell, HP au Lenovo, hukumbwa na tatizo hili kwa nadra. Mtengenezaji huweka mfumo wa uendeshaji pamoja na draiva zake zote kabla mashine haijafungwa kwenye boksi. Aidha, tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, ufunguo wa leseni, yaani ile namba yenye herufi na tarakimu 25, huhifadhiwa na mtengenezaji ndani ya chipu ya bodi kuu. Hata diski ikifutwa yote, mfumo mpya huusoma ufunguo huo bila mwenye mashine kuandika chochote.

Kompyuta ya kuunganishwa haina ukoo huo. Bodi imetoka kampuni moja, prosesa nyingine, diski ya tatu, na Windows yenyewe 'inapigwa', kama wasemavyo mafundi, kwa flashi ambayo pengine imekaa mfukoni mwa fundi kwa miaka kadhaa. Flashi hiyo imebeba draiva za kadi zilizokuwapo siku toleo lile lilipotengenezwa. Bodi iliyoingia sokoni baadaye ni mgeni kwake.

Mfano unaojulikana sana ni wa chipu ya Intel I225-V, yenye kasi ya gigabiti 2.5 kwa sekunde, iliyoanza kuonekana kwenye bodi nyingi mwaka 2020. Walionunua bodi hizo na kuweka Windows 10 kwa flashi za matoleo ya wakati ule walikuta hakuna mtandao wa waya kabisa, kwa sababu draiva ya chipu hiyo haikuwamo. Chipu ya Realtek RTL8125, yenye kasi hiyo hiyo, ilileta usumbufu unaofanana na huo.

Huo ni mduara: draiva iko kwenye intaneti, na intaneti haipatikani bila draiva. Zamani watengenezaji waliweka CD ya draiva ndani ya boksi la bodi. Bado CD hizo huonekana hapa na pale, ingawa mashine nyingi zinazounganishwa leo hazina hata pa kuziingiza. Bodi ya mitumba ndiyo kabisa, hufika bila CD, bila boksi, na pengine bila jina linalosomeka.

Windows 11, iliyotolewa Oktoba 5, 2021, imeukaza mduara huo. Toleo lake la nyumbani hudai mtandao na akaunti ya Microsoft wakati wa kuwekwa, na kuanzia toleo la 22H2 la mwaka 2022 sharti hilo liliongezwa kwa toleo la Pro linalowekwa kwa matumizi binafsi. Kadi isipotambuliwa, mwenye mashine hukwama kabla hajauona mfumo aliouengaenga.

Suala hilo limepata uzito zaidi tangu Oktoba 14, 2025, siku ambayo Microsoft ilikomesha huduma za kawaida za Windows 10. Wenye bodi kongwe zisizokidhi masharti ya Windows 11, likiwamo la chipu ya usalama ya TPM 2.0, wamelazimika kufikiria bodi mpya. Bodi mpya maana yake ni kadi mpya ya mtandao, draiva mpya na leseni inayopaswa kuthibitishwa upya, vyote kwa siku moja.

Kadi inapokuwa kitambulisho

Utaratibu wa kuidhinisha Windows ulifahamika kwa watu wengi kupitia Windows XP, iliyoingia sokoni Oktoba 2001. Mnunuzi alipewa siku 30 za kuiidhinisha nakala yake kwa intaneti au kwa simu. Mfumo huo ulitengeneza alama ya mashine kutokana na vipuri vyake, miongoni mwake prosesa, kiasi cha kumbukumbu, diski, kadi ya picha na kadi ya mtandao.

Katika hesabu hiyo kadi ya mtandao ilipewa uzito wa pekee. Ikiwa haijabadilika, ilibidi vipuri sita au zaidi vibadilishwe ndipo idhini mpya idaiwe. Ikiwa imebadilika, au mashine haikuwa nayo tangu mwanzo, vinne vilitosha. Mtu aliyeichomoa kadi yake akaweka nyingine alikuwa amejipunguzia ulinzi wake bila kujua.

Windows Vista, iliyowafikia wateja wa kawaida Januari 2007, ilikuja na ukali zaidi kwa kuinyima mashine isiyoidhinishwa sehemu kubwa ya shughuli zake, hadi utaratibu huo ulipoondolewa mwaka 2008. Windows 10 na 11 ni pole kwa kulinganisha. Mashine huendelea kufanya kazi, ila maandishi hubaki kwenye kona na mtumiaji huzuiwa kubadilisha mandhari na rangi. Upole huo una hasara yake, kwani mtu huishi na maandishi yale miezi mingi, na siku anapoamua kutafuta chanzo hakumbuki tena ni kipuri gani kilibadilishwa lini.

Tangu Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, idhini huhifadhiwa kwenye seva za Microsoft ikiwa imefungamanishwa na alama ya mashine, na kipuri chenye uzito mkubwa ni bodi kuu. Mwaka 2016 kampuni hiyo iliongeza uwezo wa kuiunganisha leseni na akaunti ya mtumiaji, ili abadilishapo bodi aweze kuomba leseni yake ihamie kwenye mashine iliyofanyiwa mabadiliko. Ni jambo la dakika chache, lakini lazima lifanywe kabla ya bodi kubadilishwa. Baada ya hapo huwa ni kushika shikio.

Kwa programu za kitaalamu, hususan za uhandisi na usanifu, kadi yenyewe ndiyo inayotazamwa. Kila kadi hupewa kiwandani namba inayoitwa anwani ya MAC, yenye herufi na tarakimu 12, ambazo sita za kwanza humtambulisha mtengenezaji. Mfumo wa leseni wa FlexNet, ambao zamani uliitwa FLEXlm na hutumiwa na kampuni nyingi za programu, kwa kawaida huandika anwani hiyo ndani ya faili la leseni. Kompyuta yenye anwani tofauti haikubaliwi, hata kama imewekwa juu ya meza ile ile na mmiliki ni yule yule.

Ofisi ndogo ya wasanifu majengo inaweza kuwa na mashine moja ya kuunganishwa inayogawa leseni kwa wafanyakazi wote. Faili la leseni likiombwa kwa anwani ya kadi ya nje ya USB, siku kadi hiyo ikiazimwa na mtu wa ofisi ya jirani, hakuna atakayefungua mchoro. Hali ni hiyo hiyo iwapo leseni iliombwa kwa anwani ya kadi ya kubuni inayoundwa na programu ya VPN, kisha VPN ikaondolewa. Namba inayofaa ni ya chipu iliyo kwenye bodi, nayo haisomeki mpaka draiva yake iwe imekaa sawasawa.

Draiva pia inaweza kuibadilisha namba hiyo. Draiva nyingi za Realtek zina sehemu ya kuandika anwani nyingine badala ya ile ya kiwandani, na Windows 10 na 11 zina swichi inayoipa kadi ya mtandao usio na waya anwani za kubahatisha kwa ajili ya faragha. Swichi hiyo ina manufaa kwenye mtandao wa hotelini. Kwenye mashine ambayo leseni yake inategemea anwani ya kadi hiyo, ni chanzo cha maswali.

Wanaotumia Linux nao wana kumbukumbu zao. Katika baadhi ya bodi zenye chipu za nForce za kampuni ya Nvidia, draiva iliyoitwa forcedeth ilipokuta anwani isiyo halali kwenye kadi iliamua kubuni nyingine, ikaandika kwenye kumbukumbu za mfumo kwamba mtumiaji amlalamikie mtengenezaji wa kifaa. Mwaka 2013, programu ya systemd ilileta utaratibu mpya wa kuzipa kadi majina, na ile iliyozoeleka kama eth0 ikaanza kuitwa kwa majina kama enp3s0. Programu zilizotafuta leseni kwa kuangalia eth0 peke yake ziligoma, ingawa kadi, waya na leseni havikuwa vimeguswa.

Kuna pia kisa cha bodi ambazo chipu zake za bayosi zimeandikwa upya na mafundi bila kurejesha namba ya kadi. Anwani ya 88-88-88-88-87-88 huonekana kwenye baadhi ya bodi za aina hiyo zenye kadi za Intel. Mashine mbili zenye namba hiyo zikiwekwa kwenye mtandao mmoja hugombania mawasiliano, na hakuna leseni ya maana inayoweza kufungwa kwenye namba iliyozagaa.

Pa kuanzia

Hatua ya kwanza haihitaji bisibisi. Ni kuisoma na kuiandika namba ya kosa inayoonyeshwa kwenye ukurasa wa uidhinishaji, kwa kuwa namba hiyo husema tatizo liko upande gani wa barabara.

Namba 0x80072EE7 maana yake kompyuta imeshindwa kuipata seva kwa jina lake, na 0x80072EFD maana yake imeshindwa kuunganishwa nayo. Hizo ni habari za njia. Ufunguo haujafika popote na hakuna aliyeukataa. Kinyume chake, 0xC004C003 hutoka baada ya seva kujibu kwamba ufunguo umezuiwa, na 0xC004F211 husema kuwa vipuri vya mashine vimebadilika. Mwenye namba hizi mbili asihangaike na draiva, kwani mtandao wake umefanya kazi vya kutosha kumletea habari mbaya.

Namba moja huwapotosha wengi. Ni 0x8007232B, ambayo hueleza kuwa jina fulani halipo kwenye mtandao, hivyo hufanana sana na kasoro ya njia. Mara nyingi inaonyesha kwamba Windows iliyowekwa ni ile ya mashirika makubwa, inayotafuta seva ya leseni ndani ya ofisi. Nyumbani seva hiyo haipo wala haitakuwapo. Anayeipata namba hii kwenye mashine aliyoambiwa ina leseni yake binafsi ana sababu ya kumrudia aliyemuuzia.

Namba ikiwa ya upande wa njia, mahali pa kutazama ni Device Manager, ukurasa wa Windows unaoorodhesha vifaa vyote. Kadi yenye alama ya njano na namba 28 haina draiva kabisa. Yenye namba 10 ina draiva, lakini kifaa kimeshindwa kuanza. Kadi isiyoonekana hata kwa jina la kubahatisha inaweza kuwa imezimwa ndani ya bayosi, na huko ndiko kwa kuingia kabla ya kuitangaza kuwa imekufa.

Kadi isiyo na draiva hubaki na namba zake za utambulisho, zinazosomeka kwenye ukurasa wa maelezo ya kifaa. VEN_8086 ni Intel na VEN_10EC ni Realtek. Sehemu inayoanza na DEV hutaja chipu yenyewe: 8168 ni familia ya Realtek ya gigabiti moja, 8125 ni ile ya gigabiti 2.5, na 15F3 ni Intel I225-V. Kwa namba hizo mtu anaweza kwenda kwenye kompyuta nyingine, akaipata draiva katika tovuti ya mtengenezaji wa bodi au wa chipu, akairudisha kwa flashi.

Asiye na kompyuta nyingine ana simu. Simu nyingi za Android zinaweza kuigawia kompyuta intaneti kwa waya wa USB, na Windows ina draiva ya njia hiyo tayari, hivyo bando dogo la simu hutosha kuvunja mduara uliotajwa. Inafaa kuitumia kwa ajili ya draiva kwanza, kwa sababu Windows ikishapata mtandao hupenda kujipakulia masasisho makubwa na kulimaliza bando kabla ya kazi iliyokusudiwa.

Kadi yenye namba 10 huhitaji subira. Chipu ya mtandao huendelea kupata umeme kidogo hata kompyuta ikizimwa, mradi waya wa umeme uko kwenye soketi, na inaweza kuganda katika hali mbovu baada ya umeme kukatika ghafla. Kuizima mashine, kuuchomoa waya wa umeme na kusubiri dakika moja hivi kumezirudisha kadi ambazo zilikuwa zimeshahukumiwa.

Kipimo kinachotenganisha kadi na draiva ni kuiwasha kompyuta kwa flashi ya Linux, kama Ubuntu, ambayo hujaribiwa bila kuwekwa kwenye diski. Mtandao ukipatikana humo, kadi ni nzima na hoja ya kubadilisha bodi imekwisha. Usipopatikana, jibu halijakamilika, maana hata Linux inaweza kukosa draiva ya chipu mpya sana. Kipimo hiki huchukua muda mfupi na hakigharimu kitu, na ni ajabu kwamba mafundi wengi wanaoweza kukifanya hawakifanyi mpaka mteja adai.

Ipo hali nyingine ambapo kurasa za intaneti zinafunguka lakini idhini haipiti. Hapo saa ya kompyuta inastahili kutazamwa. Mawasiliano na seva za leseni hulindwa kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, na mashine inayodhani ni mwaka 2009 huviona vyeti hivyo kuwa batili na kuonyesha namba 0x80072F8F. Chanzo ni betri ndogo ya duara, CR2032 ya volti tatu, iliyo kwenye bodi. Katika bodi ya mitumba mara nyingi ndicho kipuri cha kwanza kuchoka, na ndicho cha bei ndogo kuliko vyote.

Mabaki ya programu za kuzuia virusi na za VPN nayo huacha vichujio vyao juu ya draiva ya mtandao, hata baada ya programu zenyewe kuondolewa. Amri ya netsh winsock reset, ikitolewa kwa ruhusa ya msimamizi na kufuatiwa na kuwasha upya, hurejesha sehemu ya mtandao katika hali yake ya mwanzo.

Mikono ya waliotangulia

Mashine iliyopita mikononi mwa watu kadhaa inaweza kubeba kasoro iliyowekwa kwa makusudi. Programu za kuvunja leseni huandika majina ya seva za uidhinishaji ndani ya faili liitwalo hosts, zikiyaelekeza kwenye 127.0.0.1, anwani ambayo kwayo kompyuta hujiongelesha yenyewe. Faili hilo limo katika folda ya C:\Windows\System32\drivers\etc. Mmiliki mpya aliyenunua leseni halali hutuma ombi lake likarudi pale pale lilipotoka, huku draiva, waya na ufunguo vikiwa havina kosa lolote.

Wanaokata tamaa na kugeukia programu hizo za kuvunja leseni hujiongezea hatari. Desemba 2021, kampuni ya usalama wa mitandao ya Red Canary ilieleza namna nakala za KMSPico, programu maarufu ya kuiidhinisha Windows kwa magendo, zilivyotumiwa kusambaza Cryptbot, kirusi kinachoiba nywila na pochi za fedha za kidijitali. Programu hizo pia humtaka mtumiaji azime kinga ya virusi kabla ya kuzitumia, ombi ambalo lingepaswa kumshtua mtu yeyote.

Linabaki suala la bodi. Kwa kuwa kadi ya mtandao imo ndani yake, kauli ya fundi kwamba "kadi imekufa, tubadilishe bodi" husikika kuwa ya mantiki. Lakini leseni ya Windows inayouzwa kwa bei nafuu kwa ajili ya waunganishaji wa kompyuta, ijulikanayo kama OEM, hufungwa kwenye mashine ya kwanza, na bodi mpya huhesabiwa kuwa mashine mpya. Ile ya rejareja inaruhusiwa kuhamishwa. Mteja asiyejua ameshika ipi anaweza kutoa amri ya slmgr /dli, ambayo huonyesha aina ya leseni iliyomo, kabla ya kumwachia fundi kompyuta yake.

Hata chipu ya mtandao ikiwa imekufa kweli, bodi inaweza kubaki. Kadi ya kuchomeka ndani au ya nje ya USB hugharimu sehemu ndogo ya bei ya bodi, nayo hurudisha njia ya kwenda kwenye seva bila kuigusa alama kuu ya mashine. Kwa programu zinazofungwa na anwani ya MAC, itabidi kumwomba muuzaji atoe faili jipya la leseni lenye anwani ya kadi hiyo.

Kwa mashine ambayo leo inafanya kazi vizuri, kuna maandalizi ya dakika kumi. Amri ya getmac huonyesha anwani za kadi zote zinazotumika, za kunakiliwa kwenye kikaratasi na kubandikwa ndani ya kasha la kompyuta pamoja na risiti ya leseni. Amri ya pnputil /export-driver * E:\draiva, ikitolewa kwa ruhusa ya msimamizi huku folda ya draiva ikiwa imeshatengenezwa kwenye flashi, hunakili draiva zote za nyongeza zilizomo katika Windows 10 au 11. Siku mfumo utakapowekwa upya, pnputil /add-driver E:\draiva\*.inf /subdirs /install huzirudisha zote, ile ya kadi ya mtandao ikiwamo, kabla intaneti haijahitajika.